Picha Mia Mbili na Kumi na Nne za Bi Pengo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio, na anayepiga kelele hapo nyuma mwambieni atulie. Leo tunamkumbuka mpiga picha aliyetutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kubeba kamera katika lile shirika la zamani la picha, lililokuwa likiyalisha magazeti yetu yote. Wenzake walimwita Bi Pengo. Jino lake la mbele liling'olewa na kamera ya mwenzake waliposukumana uwanjani kugombea picha ya goli. Damu ilimtoka, lakini goli alilipata.

Marehemu husifiwa hata kwa asichokuwa nacho. Mimi sitafanya hivyo. Bi Pengo hakuwa mtu wa kusamehe, na nikisema alisamehe atanicheka huko aliko.

Sasa sikilizeni. Katika shirika lile, filamu za wote zilisafishwa kwenye beseni moja, na mara nyingi zilichanganyika. Bi Pengo alichukua tupa ndogo, akafungua kamera yake, akachonga alama pale filamu inapopita. Tangu siku hiyo, kila picha aliyopiga ilikuwa na kipengo ukingoni mwa filamu, kidogo kama punje ya mchele. Gazetini hukioni, kwa sababu ukingo hukatwa. Kwenye filamu kipo, na hakifutiki.

"Loo, hata kamera yake imetoka jino!" wenzake wakamtania.

"Chekeni," akawajibu. "La mdomoni mtalicheka. La kamerani kuna mtu atalilia."

Mkuu wa wapiga picha hakuyasikia hayo. Yeye chumba cha giza alikikimbia, dawa zilimchoma macho. Alikaa ofisini na mhuri wenye jina lake, akiugonga nyuma ya picha za wengine. Tumwite Mzee Mhuri, ndivyo alivyoitwa akigeuza mgongo.

Ukaja mgomo wa reli. Bi Pengo alilala kifudifudi kwenye kokoto, askari wakimruka, akampiga picha mama aliyekaa katikati ya reli na kuinua mkono mbele ya treni. Mnaijua. Imo katika vitabu vya shule vya watoto wenu. Na chini yake mmesoma jina la nani? La Mzee Mhuri.

Bi Pengo aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Ile picha yangu, mkuu."

"Picha ni ya shirika, bibie. Usinisumbue."

"Na jina?"

"Jina litakusaidia nini wewe? Utalipikia?"

Wiki hiyohiyo mkuu akamnyang'anya kamera, akampeleka ghalani kupanga bahasha za filamu na picha. Alidhani amemtupa jalalani. Kumbe amemkabidhi fisi bucha! Kwa miaka ishirini na sita Bi Pengo alipitia kila filamu kwa kioo cha kukuzia. Alikuta picha zake mia mbili na kumi na nne zenye mhuri wa mkuu. Narudia, mia mbili na kumi na nne. Alizijua zote, akanyamaza.

Binti yake ameniambia alikuwa akimuuliza, "Mama, unangoja nini?" Naye akimjibu, "Namngoja apande juu kwanza, mwanangu. Mtu akianguka kutoka kwenye stuli haumii."

Mwaka juzi akapanda. Ghala liligeuzwa makumbusho, Mzee Mhuri akaitwa kupewa nishani. Akasimama mbele ya picha ya reli, akasimulia alivyolala kwenye kokoto. Nilikuwepo. Watu walilia.

Bi Pengo akainuka na kijaluba cha filamu na ile kamera yake, aliyoiokota siku shirika lilipotupa vifaa chakavu. Akaviweka mezani, akawasha taa chini ya filamu, akamwita mkurugenzi wa makumbusho aangalie. "Kipengo hiki hapa kwenye filamu," akasema, "na tupa iliyokichonga ilipita hapa, ndani ya kamera."

Mzee Mhuri hakubabaika. "Siku ile niliazima kamera yake."

Hapo mke wake, aliyekaa mstari wa mbele, akasema kwa mshangao wa kweli, "Siku ya mgomo? Baba watoto, si ndiyo Jumamosi tuliyofunga ndoa?"

Uwongo una miguu mifupi, wasikilizaji. Ule wake ulikatikia ukumbini, mbele ya mama watoto.

Mkurugenzi alimwahidi Bi Pengo kwamba ataombwa radhi magazetini. Akakataa. "Gazeti kesho litafungiwa karanga. Namtaka yeye." Alitaka Mzee Mhuri aje ghalani kila Jumatatu, achukue kalamu, afute jina lake nyuma ya kila picha na kuandika la Bi Pengo, kwa mkono wake. Akikataa, mkurugenzi alisema, nishani irudi. Akaja. Bi Pengo aliketi mkabala naye na kikombe cha chai. "Huo mwandiko gani? Rudia." Siku nyingine picha moja ilikula asubuhi nzima. Binti anasema mama yake hakuwahi kunenepa kama mwaka ule.

Jumanne iliyopita akafariki. Jumatano Mzee Mhuri akamwambia mkurugenzi, "Mwenyewe keshatangulia. Tuyaache." Zimebaki picha ishirini na nne.

Familia ya Bi Pengo, binti yake na wajukuu, kituo hiki kinawapa pole kwa moyo wote. Na wewe unayesikiliza, ukiwa umejibandikia kazi ya mtu, mfuate angali hai, umrudishie.

Kuna jambo moja limebaki. Mzee Mhuri ameleta hapa studio barua ya rambirambi, kurasa mbili, niisome hewani. Nilimpigia binti kwanza kumwomba ruhusa. Haya ndiyo maneno yake, neno kwa neno: "Mrudishieni. Mwambieni kiti cha mama nakikalia mimi. Jumatatu, saa mbili asubuhi, aje na kalamu. Na chai yangu naitaka bila sukari, ataichemsha yeye."