Jino Nililolishuhudia Kabla Halijapona

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana upande wa kina baba sijausikia vizuri.

Mnanifahamu, mimi ni Mama Elia wa kwaya ya kina mama. Baada ya mavuno nilisimama mahali hapahapa nikasema Mungu ameniponya jino, mkanipigia vigelegele. Leo nimesimama kurekebisha. Ule ushuhuda niliutoa mapema mno, na mna haki ya kujua kilichofuata.

Ndugu zangu, mnajua kazi yetu ya alizeti hapa Sepuka. Mtu akileta gunia humuulizi kama imekauka, unang'ata punje. Ikivunjika kwa mlio, unapokea. Ikibonyea, mwenyewe akaianike tena. Nimeng'ata alizeti za watu miaka mingi kwa gego hili la kulia, mpaka likatoboka. Niliweka karafuu, nikaweka tumbaku, nikasukutua maji ya chumvi. Likauma mpaka sikioni. Kwenye mazoezi ya kwaya nikifungua kinywa na hewa ikaingia, machozi yananitoka, na wenzangu wakadhani ni upako.

Baba Elia akasema, "Si uling'oe yaishe?" Nikakataa. Upande wa kushoto magego yote yameshang'olewa, na hili ndilo lililobaki la kutafunia. Ugali unamezeka tu, lakini niambieni, kuku wetu wa kienyeji utammezaje?

Nikaenda mjini kwa daktari wa meno. Nikakuta daktari mwenyewe ni binti mdogo, akaniamkia shikamoo, akapiga picha ya jino, akaniambia mzizi umeoza ndani lakini jino linaweza kuokolewa. Nikamtania, "Kumbe na ninyi mnaokoa?"

Akajibu, "Tunaokoa, mama, ila kwa kurudi mara tatu."

Ndugu zangu, nilikuwa naogopa, na kumbe nilikuwa naogopa hadithi za watu tu. Sindano ya ganzi inauma kidogo, kisha mdomo unakuwa mzito kama si wako. Aliniwekea kipande cha mpira kuzunguka jino, akalitoboa kwa juu, akaingiza visindano vyembamba kuchokonoa uozo kwenye mzizi. Nilisikia mashine ikilia, maumivu sikuyasikia. Akatia dawa, akaziba kwa muda. Akanionya kwamba ganzi ikiisha nitasikia maumivu kidogo siku mbili tatu, na likitulia nisidhani limekwisha. Nirudi baada ya wiki mbili, na upande ule nising'atie kitu kigumu.

Siku ya tatu likatulia kabisa. Jumapili nikasimama hapa, na daktari sikumtaja hata kwa bahati mbaya.

Siku ya kurudi ilipofika nikajiuliza: nikionekana stendi naenda kwa daktari wa meno, watu watasemaje? Si waliambiwa nimepona? Nikabaki nyumbani. Ndugu zangu, niliona aibu, na aibu ile nikaiita imani. Nikarudia na kung'ata alizeti, kile kizibo cha muda kikatoka. Baada ya siku chache shavu likavimba, homa ikapanda. Nikajifunika mtandio, nikawaambia kwaya ni mafua. Mungu anisamehe, na kwaya pia.

Mama mchungaji alikuja kunijulia hali, akaushika ule mtandio akaushusha taratibu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Elia, wale wenye ukoma Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Wewe umejionyesha kwa nani?" Kesho yake nikapanda gari la mjini.

Yule binti alilikagua shavu na jino. Kisha akasema hawezi kuniahidi, uvimbe ukigoma kushuka litang'olewa. Akanipa dawa za kumeza na siku ya kurudi, na safari hii nilirudi. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Akaanza kusafisha upya. Nilitamani kuomba kwa sauti kama mlivyonizoea, lakini kinywa kiko wazi na mpira umo ndani, ikabidi niombe kimoyomoyo. Mungu anasikia hata hivyo, jamani!

Nikarudi tena. Akaujaza mzizi, akaliziba jino moja kwa moja, akasema, "Mama, jino lako umebaki nalo." Nilimkumbatia na koti lake jeupe. Juzi nimekula kuku, paja zima, upande wa kulia. Baba Elia alikaa ananiangalia tu, anacheka.

Namshukuru Mungu, na leo namshukuru na yule binti mbele yenu, maana mikono ile ni Mungu aliyempa. Mungu hakuona aibu kuniponya kidogokidogo. Niliyeona aibu ni mimi.

Sasa, ndugu zangu, najua humu ndani siko peke yangu. Yupo aliyeshuhudia presha imekwisha, akaacha vidonge. Yupo aliyeacha kliniki kwa sababu tulishasema amina kwa sauti kubwa. Sitamtaja mtu. Mtumaini Mungu, na siku uliyopangiwa nenda. Alhamisi nakwenda mjini jino likaangaliwe. Njoo nyumbani asubuhi na kadi yako, hata usiponiambia unaumwa nini, tutakwenda wote.