Kufuli Atangazwa Kanisani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Mwisho mmoja wa ubao kuna meza ya fundi wa funguo, mwisho wa pili jiko la mkaa la muuza kahawa. Wenye benchi ni wanne, na hakuna anayeitwa jina alilopewa na wazazi wake. Fundi wa funguo ni Kufuli, kwa kazi yake na kwa mdomo wake, maana anaweza kumaliza asubuhi nzima hajatoa neno. Fundi viatu ni Tarumbeta, aliyewahi kupuliza tarumbeta kwenye bendi ya parokia. Karani mstaafu wa mahakama ni Hakimu. Muuza kahawa ni Mama Birika. Jumatatu hiyo Kufuli alichelewa kidogo, na kabla hajatua kisanduku chake cha tupa akajua mambo yameshavuja, kwa sababu wenzake wote watatu walikuwa kimya.

— Bwana harusi huyo! — Tarumbeta akalipuka.

— Nani amewaambia?

— Padre mwenyewe — akasema Mama Birika. — Jana, misa ya kwanza. Tangazo la ndoa kwa mara ya kwanza. Nikasikia jina geni, nikageuka. Namwona shemeji kule nyuma amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikasema, haa! Kumbe Kufuli naye ana jina.

— Huyo mama umeishi naye miaka mingapi? — Hakimu akauliza, kwa ile sauti yake ya mahakamani.

— Ishirini na sita.

— Watoto watatu, mjukuu mmoja. Sasa unaoa nini?

Kufuli akapanga tupa zake mezani moja moja, kubwa mpaka ndogo.

— Si ndoa peke yake — Mama Birika akaendelea, anamimina. — Anasoma mafundisho! Mjukuu wangu yuko naye darasa moja kila Jumamosi. Anasema kuna babu anakaa nyuma, magoti yamefika kidevuni, na akiulizwa amri ya nne anajibu ya sita.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kufuli naye alitabasamu, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alibatizwa akiwa mchanga, lakini alipofika miaka kumi akatoroka mafundisho akaenda kucheza mpira, na hakurudi. Sasa ana miaka hamsini na tisa na yote yamemrudia kwa mkupuo: kuungama, komunyo ya kwanza, kipaimara, ndoa. Darasa la watu wazima lilikuwa siku za kazi, akaona heri abanane na watoto.

Mfukoni mwa shati alikuwa na fomu. Katekista alimpa juzi, akamwambia airudishe kabla ya Jumapili ikiwa imejaa. Mistari yote ilikuwa imeandikwa isipokuwa mmoja: jina la msimamizi. Awe Mkatoliki, awe amepata kipaimara, awe anaishi imani yake. Asubuhi ile Kufuli alikuwa amekata shauri kumwomba Tarumbeta. Alilifanyia mazoezi ombi lenyewe njia nzima. Lakini utamwombaje mtu anayekucheka namna hii?

— Mimi najua sababu — akasema Mama Birika. — Anataka akifa azikwe na padre. Mtu akifika umri huo anaanza kufikiria jeneza lake litapita mlango gani.

— Hapana — Hakimu akatikisa kichwa. — Ni cheti. Nimekaa mahakamani miaka thelathini, nimewaona. Siku mzee anapofariki, mama anaulizwa cheti cha ndoa, hana. Ndugu wa marehemu wanaingia wanabeba mpaka makochi. Huyu ametumia akili.

— Ninyi wote mmepotea njia! — Tarumbeta akasimama, kiatu cha mteja mkononi. — Hamjaona parokia inajenga? Ukumbi mpya, ofisi mpya, nyumba ya masista. Milango mingapi hiyo? Vitasa vingapi? Nani atapewa kazi, mpagani au muumini?

— Kweli bwana — Mama Birika akasema. — Na kile kisanduku cha altareni kina ufunguo wa dhahabu.

— Si huo tu! — Tarumbeta akazidi kupanda. — Ninyi hamjui funguo za mbinguni anashika nani? Petro mtakatifu. Sasa Petro amezeeka, vitasa vya kule vimeshika kutu, roho zimepanga foleni nje kwenye jua. Wametuma habari huku chini: tunatafuta fundi. Ila awe na kipaimara!

Hata Hakimu, asiyecheka ovyo, alilazimika kufuta miwani.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja aliyevaa sare ya unesi, ufunguo umemkatikia mkononi. Hakuna aliyewahi kumwona pale. Kufuli akavitazama vile vipande viwili, akamwambia asubiri robo saa tu, kisha akaingiza mkono mfukoni kutafuta penseli. Penseli ikatoka na fomu. Karatasi ikafunguka yenyewe mezani.

— Alaa! Kumbe tuko pamoja — nesi akasema. — Mwanangu naye anapata kipaimara siku hiyo hiyo. Hongera sana, baba.

— Asante, mama.

Nesi akainama kidogo, akasoma. Kisha akainua macho akawatazama wale watatu kwenye ubao, kwa wema kabisa, bila nia yoyote.

— Mbona hapa pa msimamizi patupu? Ni nani kati yenu anayemsimamia?

Barabarani gari la maji lilipita likaishia. Hakimu alikohoa.

— Mimi, dada yangu, ni mtu wa msikitini.

— Mimi ningesimama — akasema Mama Birika — ila kwetu wanaume wanasimamiwa na wanaume.

Macho yakabaki kwa Tarumbeta. Tarumbeta alikuwa anakitazama kiatu cha mteja kama vile ndiyo kwanza amekiona. Akaweka gundi mahali palipokwisha kuwekwa gundi.

— Kuna kahawa? — akauliza mwishowe.

Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe chake. Likatoka tone, kisha machicha.

— Imeisha.

Nesi akachukua ufunguo wake mpya, akaaga akaenda. Hakimu akakumbuka kwamba alikuwa na mtu wa kuonana naye. Mama Birika akaenda kuchota maji. Wakabaki wawili, na ubao mrefu katikati.

— Fomu hiyo umetembea nayo tangu lini? — Tarumbeta akauliza.

— Tangu Jumamosi.

— Ulitaka kuniambia mimi.

— Ndiyo.

Tarumbeta akaweka nyundo chini.

— Shemeji ndiye anakusumbua? Mambo ya ndoa?

— Hajawahi kusema hata neno — akajibu Kufuli, kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema pale kwa mwezi mzima. — Unakumbuka alipofariki jirani yetu wa nyumba ya kona? Nilikwenda misa ya mazishi, nikakaa na mke wangu. Ukafika wakati wa komunyo. Mstari wetu wote ukasimama. Yeye hakusimama. Alikunja magoti pembeni ili watu wapite, mmoja akamkanyaga, akasema si kitu. Njiani nikamuuliza, kwani unaumwa? Akasema, mimi sipokei, tunaishi bila ndoa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu nilipohamia kwako.

— Na hakukwambia?

— Nilimuuliza. Akasema, ungefanya nini? Hakusema kwa hasira. Alikuwa anafungua mkoba anatafuta ufunguo wa mlango. — Kufuli akachukua tupa moja. — Ishirini na sita, ndugu yangu. Kila Jumapili anapisha watu.

Tarumbeta aliivua kofia, akairudisha kichwani.

— Mimi sifai — akasema. — Niliwadanganya kuwa niliacha kupuliza kwa sababu bendi ilivunjika. Bendi haikuvunjika. Mwalimu wa kwaya alinitoa kwenye wimbo wa Pasaka, akampa mwingine. Nikamwendea mwenyekiti wa parokia, nikamwambia mwalimu amekuja kanisani amelewa. Hakuwa amelewa. Yule hakuonja hata togwa. Wakamwondoa. Tangu siku ile sijakanyaga kanisani. Mwaka wa kumi na saba huu.

Kufuli alikuwa na tupa mkononi. Akaipuliza vumbi la shaba, akaiweka.

— Padre anaungamisha lini? — Tarumbeta akauliza, anatazama barabara.

— Ijumaa, saa tisa. Mimi ni mara yangu ya kwanza. Naogopa kama mtoto.

Ijumaa walifunga kazi mapema. Kanisani foleni ilikuwa kando ya ukuta, wazee wawili, msichana mmoja wa sekondari, kisha wao. Kufuli alikuwa ameandika dhambi zake kwenye karatasi ya ankara, upande wa nyuma, na maandishi yalikuwa yanalowa jasho. Tarumbeta hakuandika chochote. Zamu yao ilipofika, kila mmoja alimwambia mwenzake atangulie, mpaka msichana aliyekuwa anatoka akacheka. Mwishowe Tarumbeta akaingia.

Alikaa muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na hakwenda kupiga magoti kama wengine. Alisimama mbele ya Kufuli.

— Amesemaje? — Kufuli akanong'ona.

— Amesema nikamtafute mwalimu. Nimwombe radhi, kisha niende kwa mwenyekiti nikaseme ukweli. Msamaha amenipa, lakini amesema hilo nisilifanyie uvivu.

— Anakaa wapi siku hizi?

— Sijui. Sijui hata kama yu hai.

Ndani padre alikohoa, anasubiri. Kufuli akaikunjua karatasi yake, akaiangalia, akaikunja tena.

— Usiondoke — akasema. — Ngoja nimalize, twende tukamtafute wote.

Akaingia.