Wasifu wa Marehemu Andongwisye Mwakalobo, Mwandishi wa "Nani Kauza Mvua?"

Ndugu waombolezaji, wasifu huu ulipaswa kusomwa na shemeji wa marehemu kutoka Mbeya, mwenye sauti nzuri. Mimi Mwalimu Meshaki, kaka yake wa tumbo moja, sikufikiriwa. Lakini kwa kuwa huyo mwenye sauti nzuri hamjui marehemu hata kidogo, nimelazimika.

Marehemu Andongwisye Mwakalobo alizaliwa Masukulu tarehe 14 Machi 1948, mvua ikinyesha. Mimi nilizaliwa miaka minne kabla, pia mvua ikinyesha, ila hilo halisimuliwi na mtu. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba Andongwisye alizaliwa anacheka. Ushahidi wa jambo hilo haupo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1956 na kumaliza darasa la nane mwaka 1963. Hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Siku moja tulipewa insha shule nzima kuhusu faida za ng'ombe. Wenzake waliandika maziwa na mbolea, yeye akaandika kwamba ng'ombe wa mkuu wa shule ni mpelelezi. Alichapwa, kisha insha hiyohiyo ikasomwa mbele ya shule, watu wakacheka mpaka machozi. Insha yangu ilipata alama za juu na haikusomwa popote.

Mwaka 1967 aliajiriwa kupima majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, Kyimo. Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa na Atuganile, binti ambaye mimi ndiye niliyemwona kwanza, kwenye kwaya. Tuyaache hayo.

Mwaka 1992 wimbi la kupunguza wafanyakazi lilimkumba. Wenzake walifungua vibanda vya sabuni na sigara, maana ndiyo kwanza biashara zimeruhusiwa. Yeye aliazima mashine ya kuchapa, akaketi barazani, akaandika kitabu. Changu kilikuwa kimeshatoka: "Kijana na Kilimo Bora cha Migomba". Kipo. Nakala zote zipo, nyumbani kwangu.

Sasa hicho cha kwake, jamani! "Nani Kauza Mvua?" kinasema kwamba katika hii ruhusa ya kila mtu kuuza kila kitu, watu wa siri waitwao Kamati ya Ukungu wameuza mvua ya Tukuyu kwa wageni, nayo inasafirishwa kwa mapipa kupitia handaki chini ya Mlima Rungwe. Fundi baiskeli na bata mzinga anayejua sheria wanafunga safari kwenda kuirudisha. Anayesimulia ni jirani mmoja asiye na jina, mwenye kijiba cha roho, anayelalamika tangu mwanzo hadi mwisho kwa nini hakualikwa safarini. Huyo msimulizi sikumpenda kabisa. Lakini kitabu kiligombewa sokoni Tukuyu kama sukari ya enzi za foleni.

Marehemu alikusudia kuwacheka wanaoamini kila uvumi. Wao wakakiamini kitabu. Sura ya tano inasema kwamba wakamwana wetu wakikutana na baba mkwe njiani na kukimbilia migombani, hawajifichi kwa heshima kama mila inavyotaka, bali wanakwenda kufungua mlango wa handaki. Mzee Abrahamu wa Lupepo, yuko pale, namwona, akamfuata mkamwana wake migombani kuutafuta huo mlango. Mwe! Baba mkwe mzima! Binti alipiga yowe mtaa wote ukatoka, na mzee akatozwa ng'ombe. Alipoulizwa alijibu, "Wiki ile mvua ilikuwa imegoma. Mlitaka nifanyeje?"

Marehemu alikwenda kumwomba radhi akiwa na ndama. Toleo la pili lilipotoka, Mzee Abrahamu naye alikuwemo, na mpaka leo akipata mgeni haanzi na habari za shamba, anaanza na ukurasa wake. Suleimani wa mitumba naye, aliyejitambua katika mhusika mmoja wa kitabu, amebandika dukani kibao: "Nahodha Asiyeona Bahari ni Mimi." Hata bata mzinga, koo mbili tofauti zinadai ni mtu wao.

Wote wamo. Mimi simo. Nilikisoma tena na tena nikijitafuta, hata kwenye watu wanaopita tu barabarani wakisalimia. Hamna! Niliona gere, na iliniuma. Nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la mama.

Mwezi Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Tukuyu, kisha Mbeya, akarudishwa nyumbani mwezi Mei. Nilikwenda kumwona, na nikasema lile lililonikaa kooni.

"Andongwisye, wilaya nzima umeiweka humo. Mimi umeniacha wapi?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kaka, kwani kitabu umekisoma?"

"Nimekisoma mpaka kimechanika."

"Basi hujakisoma kwa sauti."

Niliona ananidhihaki, nikachukua kofia yangu nikaondoka. Alifariki Jumatano, tarehe 5 Juni 1996, kabla sijarudi.

Wasifu huu uliishia hapo. Jana mchana niliwasomea wanandugu, ili wanisahihishe tarehe. Nilipofika kwenye insha ya ng'ombe mtu akaguna. Nilipofika kwenye kwaya, msiba mzima ulikuwa unacheka, akina mama mpaka khanga mdomoni. Nikawaka. Nikawauliza kama hawana adabu, maiti ipo ndani.

Shemeji yangu Atuganile akainuka kwenye mkeka, akafuta macho.

"Shemeji, usikasirike. Hawakucheki. Wamemsikia."

"Wamemsikia nani?"

Akaingia ndani, akatoka na kitabu, akanifungulia ukurasa wa kwanza. "Soma. Kwa sauti."

Nikasoma: "Mimi katika safari hii sikufikiriwa. Lakini kwa kuwa waliokwenda hawajui kusimulia, nimelazimika." Suleimani alikuwa anaitamka pamoja nami bila kutazama popote. Mzee Abrahamu pia. Wote walikuwa wanaijua kwa moyo, na wote, miaka yote hiyo, walikuwa wanaisoma kwa sauti yangu.

"Kila jioni alikuwa ananisomea alichoandika," Atuganile akasema, "na kila jioni alikuwa anakuigiza wewe. Alikuwa anasema, bila kaka hii hadithi hainogi."

Nilishindwa kuendelea, wakanipa maji. Ndaga fijo, mdogo wangu. Asante sana. Ungeniambia tu pale kitandani, nisingechukua kofia.

Marehemu ameacha mjane, Atuganile, watoto, Tusekile, Baraka na Prisca, wajukuu, na msimulizi wake. Mungu ampumzishe kwa amani, na kaburini asicheke sana, bado nasoma.