Kalondu Maweu na Miezi Mitano Aliyoificha

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Majimboni, nanyi mliopanda kutoka Msambweni na Ukunda, familia inawashukuru kwa kufika, na mimi Musyoki, mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake.

Agnes Kalondu Maweu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 hapa hapa Majimboni, Shimba Hills, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maweu na Mama Kaindi, waliotoka Ukambani kuja kufungua shamba hili. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza kidato cha nne Matuga mwaka 1987, akasomea kazi ya maabara Nairobi na kuhitimu Novemba 1992.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, Msambweni, ambako alipokea vinyama vilivyotolewa na wapasuaji, akavigandisha ndani ya nta, akavikata vyembamba kuliko utando wa kitunguu na kuvilaza juu ya kioo, ili daktari avitazame kwa darubini na kusema kama ni saratani au siyo.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Bwana Kahindi Randu, dereva wa hoteli Diani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kanze na Rai.

Mwaka 2016 Bi Twaiba, mkaanga mihogo wa Msambweni, ambaye ameniruhusu nimtaje, alipatikana na uvimbe wa titi, na jamaa zake wakamkataza upasuaji, wakiamini kuwa saratani ikiguswa na kisu hutawanyika mwili mzima. Dada alikwenda kwao Alhamisi tatu mfululizo, akaketi nao mkekani, akawaeleza bila kumgombeza mtu yale aliyoyaona kazini, na wiki ya nne akamsindikiza Bi Twaiba hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

Januari 2019 alijipapasa akakuta uvimbe kwenye titi lake la kushoto, na yeye aliyewatia wengine moyo aliuficha kwa miezi mitano, asimwambie mumewe wala mimi, akienda kazini kila siku kukata vinyama vya watu, kwa sababu aliogopa. Kabla hajafariki aliniagiza nisiiruke miezi hiyo, akasema, “Huenda kuna mwanamke atakayekuwa amekaa hapo msibani, naye anaficha wake.”

Bi Twaiba ndiye aliyegundua kuwa Dada hanyanyui mkono vizuri, akamdadisi mpaka akalia, kisha akamwambia, “Dada, mimi ulinishika mkono ukanipeleka. Leo inuka, nikupeleke mimi.”

Alipasuliwa tarehe 11 Juni 2019, titi likaondolewa pamoja na matezi ya kwapani, na watafiti wa chuo kikuu, waliokuwa wakichunguza saratani za wanawake wa pwani, wakamwomba ruhusa ya kuhifadhi kipande cha uvimbe ule. Mimi nilikataa kwa niaba ya ukoo, nikasema mtu wetu atazikwa mzima. Alinitazama akasema, “Musyoki, miaka ishirini na minne napokea vipande vya watu. Changu kina nini?” Akatia sahihi, nami nikamnunia kwa mwezi mzima, jambo ambalo namwomba radhi leo mbele yenu.

Baada ya dawa na mionzi Mombasa alirudi kazini, akaishi miaka mitano akiwa na nguvu zake, akamwona Kanze akiolewa na Rai akianza ualimu. Oktoba 2024 saratani ilirudi mifupani, na Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, alituaga nyumbani kwake, akiwa na mumewe na wanawe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu, wenzake wa maabara wakiongozwa na Bi Hanifa, majirani waliotupikia tangu siku ya msiba, Waislamu kwa Wakristo, na Bi Twaiba, aliyekuja kumwogesha kila Ijumaa bila kuitwa. Yeye na Bi Hanifa wameketi safu ya mbele, na baada ya maziko hawataondoka upesi, basi mama yeyote mwenye neno la faragha asione haya kuwaendea.

Dada Kalondu, kazi umeifanya, pumzika kwa amani ya Bwana.