Kisiwa Kisicho na Honi

Tangu Kibondo, Zuleha muuza vitenge alikuwa akimsikiliza kijana aliyeketi kando yake ndani ya basi. Aliitwa Gharibu, dereva wa bodaboda wa Makere, naye alikuwa akirudi kutoka matembezini na rafiki yake Saady katika kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria, mahali pasipo gari wala pikipiki.

“Shangazi, tangu nimwangushe na pikipiki akavunjika mguu, Saady akiwa barabarani hugeuka nyuma kila hatua. Kule alitembea katikati ya njia kutwa nzima, anacheka tu, hakugeuka hata mara moja. Tuliporudi bara, honi ya kwanza, akaanza tena.”

“Ulishamwomba msamaha?”

“Tumekua pamoja. Maneno hayo naona aibu kuyasema.”

“Alaa! Aibu yako ina thamani zaidi kuliko mguu wa mwenzio?” Zuleha hakuwa mtu wa kumpozea mtu uji; ukweli aliutoa ukiwa moto. “Yuko wapi huyo Saady?”

Gharibu akaonyesha kwa kidevu kiti cha mbele, penye kijana mwenye fimbo.

Gari likasimama Makere. Wakashuka wote wawili. Kupitia dirishani Zuleha alimwona Gharibu akimshika mwenzake bega, midomo ikianza kucheza. Dereva wa basi akapiga honi, na Saady akageuka nyuma.