Mama Nyuzi, Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji (1961–2024)

Kuna jirani, naye yupo hapa leo, aliyewahi kueneza mtaani kwamba marehemu alikuwa anawapa madaktari wa ng'ambo watu wetu wajifunzie kukata. Maneno hayo yalipomfikia, marehemu alikuwa anafua sare zake. Hakufoka. Alikamua sare, akaianika, akasema, "Hajasema uongo wote. Wanajifunza kweli. Cha kuuliza ni nani anabaki na mgonjwa wakishaondoka."

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi viatu, na watoto wote walikwenda shule pekupeku. Kila akisimulia hilo alicheka hadi akashika ubavu.

Alisoma shule ya msingi na sekondari papo hapo mjini, kisha chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1983. Mwaka huohuo aliingia chumba cha upasuaji cha hospitali yetu, na humo alisimama miaka thelathini na minane.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa. Mzee mwenyewe husema alimposa mlangoni pa chumba hicho, chai aliyomletea ikiwa imeshapoa mara ya tatu.

Madaktari wanaosomea upasuaji walianza kuletwa kutoka ng'ambo mwaka 1998, kila mmoja kwa wiki nane. Kwao mashine zilikuwa nyingi na wagonjwa wa kujifunzia wachache. Kwetu kinyume chake. Mwaka uliofuata mmoja wao alimpasua mama mmoja fundi cherehani siku ya Ijumaa, Jumamosi akapanda ndege. Kila alichofanya alikiandika kwenye kijitabu chake cha mfukoni, cha kuwaonyesha walimu wake, akaondoka nacho. Kwenye faili la hospitali kulikuwa na mstari mmoja tu. Hakuna aliyejua kwamba ndani kulibaki kipande cha mpira wa kutolea usaha. Yule mama alilala wodini miezi mitatu.

Baada ya hapo marehemu akanunua daftari lake, la kumfuatilia kila aliyepasuliwa hadi apone na jina lake lifungwe, na akaweka sharti: aliyempasua mtu atamtoa nyuzi mwenyewe. Wiki mbili za mwisho mgeni hashiki kisu, labda mgonjwa awe wa kufa na kupona.

Mgeni mmoja mrefu, waliyemwita Mlingoti, alimbembeleza. "Mama, nimebakiza ngiri mbili tu nitimize idadi yangu."

"Na nyuzi zao atatoa nani? Rubani?"

Mlingoti alinuna, akamshtaki kwa mganga mkuu. Mganga mkuu akamwambia, "Mwanangu, mimi mwenyewe namwogopa." Siku zilizobaki Mlingoti alizunguka na marehemu nyumba kwa nyumba, akiinama kwenye milango mifupi, akifunga vidonda. Kila mwaka alipiga simu kuuliza hali ya wagonjwa wake, mmoja mmoja.

Lakini mwili huchoka. Miguu ilivimba, magoti yakagoma. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu miguuni, akasema, "Ngoja kwanza," na hapohapo akapitiwa na usingizi. Alistaafu mwaka 2021, ila daftari halikustaafu.

Mwezi Mei mwaka huu alionekana ana uvimbe tumboni. Daktari wetu bingwa alimpasua akisaidiwa na binti wa miwani, mwanafunzi kutoka ng'ambo. Kabla hajalazwa mezani marehemu alimwuliza binti, "Umebakiza wiki ngapi?" Binti akajibu sita. "Haya, endelea." Siku ya kumi na mbili binti alimtoa nyuzi kwa mkono wake. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na wagonjwa wanne ambao daftari halijawafunga.

Daftari hilo alilikabidhi Jumapili, siku mbili kabla, kwa mkwewe anayesoma wasifu huu, mkwewe huyo akiwa amekaa kando yake kitandani ananyonyesha.

"Mama, mimi nimeishia shule ya msingi," mkwewe alimwambia. "Udaktari nitaujulia wapi?"

"Nani kakwambia udaktari? Nenda, kaa naye. Uliza analala? Anakula? Kidonda kinatoa maji? Andika hivyohivyo anavyosema, kisha umtumie aliyempasua. Asipojibu, mtumie tena. Msumbue." Akafumba macho, mkwewe akadhani amelala. Akayafumbua. "Mimi nimechoka, mwanangu. Wanne tu. Nifungie hao wanne, nipumzike."