Timu Yetu Ilipokosa Mwenyewe

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Mwenyekiti wa chama chetu ameniambia nisimame niseme yaliyonipata, nami nimekubali kabla sijafikiri vizuri. Mnanijua, mimi ni fundi cherehani hapa Makina, na siku za mpira mimi ndiye golikipa. Golikipa hajazoea kusema. Kazi yake ni kusimama nyuma na kuwapigia wenzake kelele. Basi nikikosea mnivumilie.

Sitataja jina la mtu. Kama yumo humu ndani, anajijua.

Timu yetu mnaikumbuka ilivyoanza. Tulikuwa tumerudi kutoka Burma, vijana wa hapa Kibra, na wengine wa Kawangware tuliokuwa nao jeshini. Mzungu mmoja aliyekuwa ofisa wetu kule alikuwa na kiwanda cha mbao mjini. Akatununulia jezi, akatutolea lori la kutubeba, akatia sahihi kule ofisi ya ligi kwamba yeye ndiye mwenye timu. Bila sahihi ya mwenyewe, ligi haikutambui. Tukaingia daraja la pili. Mwaka jana tulibakiza mechi moja tu kupanda la kwanza. Nani humu hakuja kutazama mechi ile?

Sasa, nilikuwa na rafiki. Tulitahiriwa siku moja, tukaandikishwa jeshini siku moja. Kule Burma homa iliponiangusha alinibeba mgongoni kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Hilo silifuti, kwa sababu ni kweli. Yeye amesoma, mimi sikusoma. Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa katibu wa timu. Barua ikija, anasoma, anatuambia inasema nini, nasi tunaitikia.

Basi Jumamosi moja baada ya Idi tulikuwa na mechi na timu ya Kawangware, kwao. Tukakaa kando ya barabara kungoja lori. Tukangoja, tukangoja. Nikasema, jamani, twendeni kwa miguu. Nilipohesabu watu tulikuwa wanane. Rafiki yangu hayupo, na wengine watano hawapo, wote wale wakali wa mbele. Nikadhani wametangulia.

Tulipofika kiwanjani, kapteni wa Kawangware akanivuta kando. Akaniuliza, "Mmekuja kufanya nini?"

"Kucheza. Kwani leo si Jumamosi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mfiwa ambaye hajapewa habari. "Bwana, kwani hamjui? Mwenye timu yenu ameuza kiwanda, amehamia Rodesia. Na wenzako nimewaona juzi mjini wakifanya mazoezi na timu ya daraja la kwanza. Wamevaa jezi zao kabisa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka. Nilimwambia, "Wewe unataka kutuvunja moyo kabla ya mechi." Tukacheza wanane. Wakatufunga mpaka watazamaji wao wenyewe wakanyamaza kwa haya. Kila nilipookota mpira wavuni nilikuwa nasema moyoni, nikirudi nitamuuliza, ataniambia si kweli.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwake. Nilimkuta anakunywa chai. Hakushtuka. Akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa barua, akaiweka juu ya meza.

"Ni kweli," akasema. "Ameondoka. Ligi wanataka jina la mwenye timu mpya, la sivyo tunafutwa."

"Umeijua lini habari hii?"

Akamimina chai nyingine. Nikamuuliza tena.

"Kabla ya Ramadhani."

Wazee wangu, Ramadhani nzima mtu huyu alifuturu kwangu. Mwezi mzima tumekula sahani moja, mkono wake na mkono wangu, na barua iko ndani ya sanduku lake.

Nikamwambia, "Ungeniambia hata siku moja tu. Tungetafuta mtu mwingine mapema."

"Ningekuambia ungewaambia wote. Na nafasi kule zilikuwa sita."

"Na mimi je? Hukunifikiria?"

Akaangalia kikombe chake. "Golikipa wanaye."

Basi. Nikatoka. Sikumpiga, sikumtukana. Natamani ningemtukana, pengine yaliyofuata yasingefuata.

Nitayasema, maana nimeitwa kusema kweli. Niliacha kushona. Nguo za watu zilikaa zimekatwa nusu, na wengine mlio hapa mlizifuata bila kuzipata. Niliacha kwenda msikitini Ijumaa, nikijiambia siwezi kusimama safu moja na yule. Nikaanza kunywa. Ndiyo, araki, ile ile tunayoificha wageni wakija. Mama yangu alinisihi, sikusikia. Siku moja mke wangu aliniambia, "Aliyekukosea ni yeye, mbona unatulipiza sisi?" Nikaitupa sahani ya chakula ukutani mbele ya mtoto. Akamchukua mtoto, akarudi kwa baba yake, Lindi hii ya hapa Kibra. Sikumfuata. Nilikuwa nasema, hata yeye ameniacha. Kila mtu alikuwa ameniacha, na mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mvua zilianza, zikaisha.

Halafu alasiri moja akaja yule mama mjane kutoka Kawangware, mama wa winga wetu wa kushoto. Ninyi mnamjua, ndiye aliyekuwa akitufulia jezi tangu mwanzo. Kaja kwa miguu, kiondo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akanikuta nimelala barazani, viatu miguuni, mdomo unanuka. Hakunisalimu. Akatua kiondo, akaanza kupanga jezi juu ya meza ya cherehani, moja moja, zimekunjwa.

"Nimefua," akasema. "Zimekaa kwangu sana. Chukua."

Nikamwambia, "Si zangu, mama."

"Haya. Ni za nani?"

"Mwenyewe ameenda zake."

"Hiyo nimesikia. Nakuuliza sasa ni za nani. Kama hazina mwenyewe, sema, nikate matambara ya jikoni. Sema tu."

Akashika moja, ikawa ni ya kipa. Alikuwa na kisu kidogo cha kukatia mboga. Akakitoa, akaningojea. Hakuwa anatania.

Nilijaribu kusema kata. Wallahi nilijaribu. Badala yake nililia, mtu mzima mwenye medali ya vita, mbele ya mwanamke aliyetembea kutoka Kawangware. Aliponiona nalia akarudisha kisu, akasema, "Mwanangu na wenzake wanakuuliza. Hawajui waje hapa au wasije." Akaenda zake.

Siku ile ile nilioga. Kesho yake nikaenda Lindi, nikamwomba mke wangu radhi mbele ya baba yake. Hakurudi siku ile. Alirudi baada ya wiki tatu, alipoona nguo za watu zinashonwa.

Wale wanane tukakutana barazani kwangu. Tukaenda ofisi ya ligi. Karani akatuambia, "Timu isiyo na mwenyewe haipo. Leteni jina na sahihi." Tukamwendea mwenye duka mmoja, akakubali, lakini timu iitwe jina la duka na wachezaji achague yeye. Tulikaa siku mbili tukibishana. Winga wetu akasema, "Huyu naye siku moja atauza duka." Tukakataa.

Mwishowe tulichukua ile karatasi ya ligi, pale palipoandikwa mwenye timu, tukatia majina yetu wote wanane. Watatu waliandika, watano tulipiga dole gumba. Karani alicheka. Kisha akaona hatucheki. Akasema ataipeleka mbele ya kamati. Mpaka leo hatujajibiwa. Huenda wakakubali, huenda wakatufuta. Sitawadanganya.

Mnaniuliza kama nimemsamehe yule rafiki. Ijumaa iliyopita alinisalimu mlangoni mwa msikiti, nikaitikia. Zaidi ya hapo sijafika. Mniombee.

Nashukuru mama yangu na mke wangu. Nawashukuru wale saba waliokuja barazani bila kuniuliza nilikuwa wapi. Na mama wa Kawangware, yule pale nyuma anayejificha kwa leso, mama, asante.

Nililojifunza ni hili. Alinisaliti, ndiyo. Lakini miaka yote ile mimi sikuwahi kusema, hebu barua hiyo isomwe mbele yetu sote. Tulipenda kutunzwa. Chama chetu hiki kina barua na vitabu pia. Ulizeni. Anayeuliza hamtukani mtu.

Jumapili tunacheza, ligi itutake isitutake. Mabeki tunao wawili, na mmoja goti linamsumbua. Anayecheza kwa mguu wa kushoto humu ndani, tuonane nje baada ya dua.